Vitundu Chini ya Madirisha

Jumatatu, 3 Machi

Nyumba imekwisha! Nimehamia peke yangu. Mke wangu bado yuko kwa mama yake, na mto wetu mzuri wa kulalia anao yeye. Atakuja Jumamosi kukagua. Akiona tone la maji ndani, atabaki huko mpaka mvua ziishe. Shemeji, kaka yake, ndiye aliyemtia hofu: eti nyumba mpya zote zinavuja. Yake haivuji, bila shaka. Mwanamume yule!

Kioo kipana cha dirisha la sebuleni kinanifurahisha mno. Nimewazia tumekaa pale, mimi na yeye, chai mkononi, mvua inanyesha nje, na sisi hatuna haja na mtu. Chai yangu ya kweli ikapoa. Ndipo nikaona: chini ya kila fremu, upande wa nje, vitundu! Fundi alumini kalipua kazi! Nimenunua gundi ya silikoni, nimeziba vyote. Kimyakimya. Shemeji atakoma.

Jumatano, 5 Machi

Mvua! Nikavuta kiti, nikaitazama inavyoteremka kwenye kioo. Nzuri ajabu. Maji yakaanza kujaa kwenye reli ya dirisha, taratibu, yanameremeta. Nikawaza ziwa dogo, na vimashua. Nilipozinduka, soksi zimelowa. Sebule nzima! Nimempigia fundi, nimemfokea. Akauliza kama kuna kitu nimegusa. Mimi? Niguse nini? Akasema atakuja wiki ijayo. Nimeongeza silikoni, safari hii tabaka nene.

Ijumaa, 7 Machi

Maji yamezidi. Kwa nini, jamani? Nimebuni mbinu: pazia refu mpaka sakafuni, na nyuma yake masufuria yote na mataulo yote. Shemeji amepita, akauliza mbona sebuleni kunalia ti, ti, ti. Nikamwambia ni saa ya ukutani. Akaangalia ukuta. Hauna saa. Akaondoka anatabasamu, na najua ameelekea wapi. Moyo unaniuma, kwa kweli. Kitanda hiki ni kikubwa mno kwa mtu mmoja.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu amefika pamoja na mvua. Nikamkaribisha kiti cha mbali, nikaongea kwa sauti kubwa kuhusu rangi ya kuta. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye pazia, ambalo lilikuwa limenyonya maji hadi katikati. Akalivuta, likaanguka na fimbo yake. Akaokota mkoba wake. Nikamwahi mlangoni, nikamwambia mkosaji ni fundi, kaacha vitundu nje! Akauliza viko wapi. Nikajipiga kifua, nikasema nimeviziba vyote, mimi mwenyewe.

Salaale! Alichomoa kibanio cha nywele, akatoka mvuani, akachokonoa kimoja. Maji yakamwagika nje, shaa! Reli ikabaki tupu. Kumbe ndiyo njia yao ya kutokea. Fundi alitueleza sote wawili siku ya kufunga madirisha. Mimi nilikuwa nimeduwaa, namtazama ndege anajisafisha manyoya mbele ya kioo. Mke wangu, amelowa chapachapa, akacheka mpaka akachuchumaa. Nikamalizia vitundu vilivyobaki, naye kanishikia mwavuli.

Jumapili, 9 Machi

Amehamia! Mvua inanyesha, sakafu kavu. Shemeji kabeba masanduku, uso umemshuka.

Baada ya chakula tumejilaza, vichwa viwili kwenye mto mmoja. Ameniapisha nisiguse kitu chochote cha nyumba hii bila kumuuliza fundi. Nimeapa, na nilimaanisha. Akasinzia. Nina furaha hata siwezi kuandika vizuri.

Nikatazama dari. Nyeupe, tupu. Nikaona mawingu yanapita pale juu, polepole, na sisi chini tunayatazama. Angefurahi mno! Akiamka akute anga yote iko juu yake! Ni kukata kipande kidogo cha dari, na bati moja tu. Hilo halihitaji fundi.