Mkwe Mwenye Sheli

Kicheko cha Laurean husikika kabla ya Laurean mwenyewe. Ni kicheko kikavu, kama pikipiki inayokataa kuwaka, na Jumamosi ile nilikisikia tangu kwenye kona ya soko la Woolwich, huku ughaibuni, manyunyu yakinipiga usoni. Nikajua kuna mtu anachinjwa kijiweni. Nikaongeza mwendo.

Kijiwe chetu ni mabenchi mawili chini ya turubai, mbele ya kibanda cha chai cha Serah, Mkenya wa Thika ambaye huwauzia wote na hamwogopi yeyote. Laurean, mtu wa Bukoba, alikuwa amekaa katikati, simu juu. Kazi yake ni kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, na kwa kuwa kwao wanaamini anatibu, sisi tunamwita Dokta. Kando yake alikaa Mzee Shaame wa Wete, maarufu Waziri. Miaka ishirini sasa anamwambia dada yake kule Pemba kwamba yuko serikalini, na kweli yuko: ni mlinzi wa mlango wa ofisi moja ya serikali. Mwisho wa benchi alikuwepo Msabaha, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Siku ile alikuwa amezimika. Ningekuwa na akili, ningeanzia hapo.

"Malenga, njoo!" Laurean aliniita. "Njoo uone vituko. Kanada huko, mkoa unaitwa Saskatchewan, ngano mpaka macho yanachoka. Kuna kimji kinaitwa Dunmere, watu mia nne na mbwa wao. Zamani walikuja watu wa televisheni wakarekodi tamthilia ya vichekesho miaka sita mizima. Wakajenga sheli ya mbao. Sheli ya kuigizia! Pampu mbili, tangi hakuna, mafuta hakuna. Ukifungua mlango wa mbele, unatokea shambani."

"Wacha!" Serah alitoa kichwa dirishani. "Yaani ukiingia umetoka?"

"Umetoka, dada. Na tamthilia iliisha zamani, lakini watalii bado wanamiminika kupiga picha na zile pampu."

"Ati mtu apande ndege akaone mbao? Si akuje hapa nimuonyeshe meza yangu."

"Ngoja, hujasikia. Wenyeji wanauza kofia, na kwenye kofia wameandika jina la mji wa kwenye tamthilia. Mji wa kweli hauna hata kofia!"

Damu ilinichemka. "Hao ni watu waliokodisha sura zao wakasahau kuzidai," nilisema. "Mtu analima ngano ya kulisha nchi nzima, halafu anajivunia sanduku la mbao lililoachwa na wageni! Watu ovyo!"

"Wazungu ndivyo walivyo," alisema Mzee Shaame, akikoroga chai isiyohitaji kukorogwa. "Wanapenda vitu vya kujionyesha. Sisi mtu akisema ana kitu, anacho."

Serah aliachia kitambaa cha kufutia. "Sisi nani? Dokta, ile gari nyeusi umeegemea kwenye picha uliyotuma Bukoba, ni ya nani?"

"Ya jirani."

"Jirani anajua?"

"Alikuwa kazini."

"Basi mwambie Waziri akueleze vizuri habari ya kuwa na kitu."

Laurean hakujali. Kisa chake kilikuwa bado na nyama. "Sasa upepo umeanza kuing'oa. Halmashauri yao inataka kuibomoa, na mji mzima unalia kama kuna msiba. Tazameni wenyewe."

Akatugeuzia simu. Paa jekundu lililobonyea upande mmoja. Pampu mbili nyeupe. Pembeni, pipa la taka la manjano.

Mzee Shaame aliinama kutazama. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Kisha, polepole, akatoa simu yake mwenyewe.

Hakuna aliyeuliza anatafuta nini. Wiki tatu tulikuwa tumelishwa picha ile asubuhi na jioni: Harith, kijana wa Chake Chake aliyehamia Kanada, mposaji wa Ibtisam, binti pekee wa Mzee Shaame, amesimama mbele ya sheli yake. Msikiti mzima uliiona. Wete nzima iliiona. Na jibu la posa lilitakiwa siku ile ile baada ya Asri, wazee wa Harith wakisubiri kwenye simu.

Laurean aliziweka simu mbili pamoja. Paa lilikuwa lile lile, limebonyea upande ule ule. Hata pipa la manjano lilikuwepo.

"Waziri," alisema kwa upole, na Laurean akiwa mpole ujue umekwisha, "mkweo anauza upepo kwa lita."

Pikipiki ikawaka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai na maji yaliyotuama juu yakatumwagikia.

"Mwongo!" Mzee Shaame alisimama. "Amenivua nguo mbele ya ulimwengu! Nampigia baba yake sasa hivi. Hakuna posa, hakuna harusi, hakuna hata salamu!"

"Na Malenga je?" Laurean hakuweza kuacha. "Malenga alishatunga shairi la harusi! Alinisomea juzi." Akasimama, akaweka mkono kifuani kama ninavyofanya mimi. "Mkwe wetu ana sheli, mafuta hayamwishii!"

"Kweli hayaishi," alisema Serah. "Yataisha aje na hayakuanza?"

Uso uliniwaka. Mstari ule nilikuwa nimeulalia siku mbili. "Nilitunga kwa habari nilizopewa," nilijibu, na kwa hasira nikamgeukia mzee. "Hebu tuambie. Harith mwenyewe alikutamkia kwamba sheli ni yake?"

"Mimi nizungumze naye kwa lipi? Mambo ya posa yana mshenga."

Tukageuka sote, kwa pamoja, kuelekea mwisho wa benchi. Msabaha alikuwa amefunika uso kwa kikombe. Alikunywa muda mrefu sana. Kikombe kilikuwa kitupu.

"Redio," alisema Serah, "ongea."

"Nilipamba," alisema Msabaha. "Kidogo."

"Kidogo? Umempa mtu sheli nzima!"

"Yakhe, mshenga asiyepamba si mshenga, huyo ni tarishi. Na wewe Waziri usinitolee macho. Mara ya kwanza nilikupa kweli tupu. Nilikwambia kijana anaendesha lori la ngano, amepanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Ukanifanyaje? Ukanitazama kama nimekuletea samaki wa juzi. Hata chai sikuiona. Wiki ya pili nikarudi na sheli, nikawekewa biriani ya mbuzi na achari pembeni. Sasa n'nambie, aliyetaka uongo ni nani?"

"Na picha?"

"Alinitumia nyingi, za matembezi. Yumo na trekta, yumo kwenye theluji, yumo na huyo bibi. Kila anayepita pale anapiga picha na hizo pampu. Mimi nikaichagua ile kwa sababu alipendeza."

"Alipendeza!" Laurean alikuwa akifuta machozi.

Nilitazamia Mzee Shaame apoe. Kijana hakusema uongo wowote, kosa limeshapata mwenyewe. Lakini mzee yule alikaa, akahesabu madhara yake kimoyomoyo, na hesabu ikamtolea jibu baya zaidi.

"Dereva wa lori," alisema. "Dada yangu nimeshamwambia sheli. Naye ameshawaambia majirani, ameshawaambia wa Konde, ameshawaambia mpaka watu aliogombana nao. Nitawarudia na lori? Afadhali ivunjike. Nitasema tumeangalia, tumeona tabia hazilingani." Akaanza kutafuta namba.

Hapo ndipo nilipomdharau kabisa. Wale watu mia nne wa Dunmere angalau hawajauza binti wa mtu ili mbao zao zisianguke. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo, lakini sauti nyingine ilinitangulia.

"Baba, what are you doing?"

Ibtisam alikuwa amesimama nyuma yetu na koti lake jeupe la famasia, mfuko wa dawa za presha za baba yake mkononi. Anafanya kazi mtaa wa pili, na kila Jumamosi humletea wakati wa mapumziko yake. Hatukujua amesimama pale tangu lini. Kwa jinsi alivyomtazama Msabaha, tangu kwenye biriani.

"Mambo ya wakubwa, mwanangu," alisema Mzee Shaame.

Waliozaliwa hapa hutujibu kwa Kiingereza, nasi hujifanya hatusikii. Siku ile hakutupa nafasi ya kujifanya. Alihamia Kiswahili, na kila neno alilitua taratibu tulisikie.

"Ile picha alinitumia mimi kwanza. Tulicheka. Mimi najua lori. Najua chumba. Najua wakati wa mavuno anaamka saa kumi usiku na anakaanga mayai yanaungua. Miaka miwili najua. Mmeuliza Kanada, mmeuliza Chake Chake, mmeuliza huyu," akamnyooshea Msabaha kidole. "Mimi hakuna mtu aliniuliza."

"Lakini watu, Ibtisam. Watu watasema..."

"Na yeye anajua yako, Baba."

Mzee Shaame aliacha kutafuta namba. 

"Anajua unasimama mlangoni. Nilimwambia mwanzo kabisa, nikasema akicheka, basi. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: kusimama kutwa hivyo, miguu haimuumi? Hizo buti ulizovaa, ulifikiri nimenunua mimi?"

Tukatazama chini sote, bila haya. Buti za ngozi, soli nene, shingo ndefu, buti za mtu wa mashamba. Mzee alikuwa ametuambia amepewa na ofisi.

Laurean, ameshakaa tena, alivuta pumzi ya kucheka. Serah akainua birika la maji ya moto, akalishikilia juu ya mapaja ya Dokta. "Jaribu," alisema. Pikipiki ikazima.

"Kwa nini hukuniambia ni zake?" Mzee Shaame aliuliza, sauti imekonda.

"Ungezivaa?"

Mzee aliinama akazitazama. Alizichezesha kidogo buti zile, kushoto, kisha kulia, kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

"Shangazi yako atanicheka," alisema.

"Atakucheka, yes. Kwa sababu ulimdanganya. Atacheka wiki moja. Mimi ukinivunjia hii, Baba, sitakuja hapa tena na dawa. Zitakuja kwa posta." Macho hakuyaondoa usoni kwa baba yake. "Ahidi. Sio nyumbani. Hapa, mbele ya hawa waliocheka."

Mzee Shaame alitutazama mmoja mmoja. Msabaha alitaka kusaidia. "Kama mshenga, mimi naweza kumweleza dada kwa namna ya..."

"Zima, Redio," tulisema wote.

Mzee akasimama. Alirudisha simu mfukoni, akaupokea mfuko wa dawa kutoka kwa binti yake, na alipozungumza alizungumza kwa sauti kubwa kiasi kwamba mama mmoja aliyekuwa akichagua ndizi ng'ambo ya njia aligeuka.

"Nakuahidi, Ibtisam. Baada ya Asri nampigia shangazi yako kabla ya mtu mwingine yeyote. Nitamwambia mkwe wetu ni dereva wa lori, amepanga chumba kimoja, na mimi nimemkubali. Akinikatia simu, nitapiga tena. Akikata tena, nitapiga tena. Nitapiga mpaka aseme, 'Hongera, kaka.'"