Zamu ya Kuuguza Pilipili

Alhamisi, 12 Februari

Wagonjwa watatu, wote sebuleni, karibu na hita. Wa kati kadondosha jani moja saa mbili asubuhi. Nimeandika.

Kuuguza najua. Kule kazini Lanham nawatunza wazee wasioweza kujigeuza kitandani, na wazee wangu hawapati vidonda. Kwa hiyo kila baada ya saa mbili nageuza vyungu. Kila baada ya saa nne, kikombe cha maji ya uvuguvugu, taratibu, wasipaliwe.

Mbegu zilitoka Tukuyu, bustanini kwa Mama. Alimpa mgeni aniletee ndani ya bahasha. Mama amefariki, bustani imeuzwa. Mbegu nyingine hakuna.

Jumamosi ya wiki ijayo Mama anatimiza mwaka tangu afariki. Watu watakuja kusali hapa kwangu Hyattsville, Marekani. Dada Elieth wa Woodbridge kapiga simu kuuliza kama alete pilipili ya chupa. Nikamwambia asijisumbue, miche ya Mama imezaa mpaka inainama. Haijazaa hata moja! Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Najua. Elieth alikwenda kuzika, mimi sikwenda. Makaratasi yangu yalikuwa hayajatoka, ningeondoka nisingerudi. Nilizika kwa simu, na mtandao ukakatika wakati wa kuweka udongo.

Jumapili, 15 Februari

Baada ya ibada nimemwita Kibet, jirani wa chini, mtu wa Kericho. Pilipili zake kazikata zote zikabaki vijiti, kaziweka chumba cha kufulia, kwenye baridi. Anazimwagilia mara moja kwa wiki tatu. Bila aibu!

Kachomeka kidole kwenye udongo wangu, kikatoka na tope. Akaniambia, "Bro, unaziua. Hizi vitu zimelala tu, wachana nazo." Nipunguze maji, nikate matawi, nizime hita.

Nimemshukuru kwa heshima. Mtu anamnyima mgonjwa maji halafu anasema kalala! Kazini kwetu angefukuzwa siku ya kwanza. Nimeongeza kikombe kimoja kabla ya kulala.

Jumanne, 17 Februari

Wa kushoto amefariki. Nimemng'oa, mizizi imeoza, inanuka. Mahali pa sababu nimeandika: uzee.

Wa kati ana majani matatu. Nimemfunga shali yangu ya sufu. Nimelia kidogo, si sana.

Mchana Elieth kaandika kwenye kundi la familia kwamba mimi, Gwakisa, nina pilipili za Mama mwenyewe, mtu asilete nyingine. Watu kumi na wanne wameweka viganja vya kusali.

Ijumaa, 20 Februari

Wa kati naye kaenda. Kabaki wa kulia. Kijiti kitupu, hana jani hata moja.

Nimefikiri kwa makini, kama mtu mzima. Nimekwenda dukani, nimenunua pilipili mbuzi kumi na moja na uzi wa kijani. Nimezifunga moja moja. Matokeo: kijiti kikavu chenye pilipili kumi na moja. Hata mimi nisingeamini. Nimefunga na majani ya mchicha. Ukisimama mlangoni na kufumba jicho moja, Tukuyu kabisa.

Jumamosi, 21 Februari

Wamekuja wengi. Tumeimba, tumesali. Mche niliuweka mezani, pembeni ya picha ya Mama. Mchicha ulianza kunyauka wakati wa somo la pili.

Elieth alisimama mbele ya mche muda mrefu. Akanyoosha mkono. Nikaona vidole vyake vimefika kwenye fundo. Kibet akatazama dari.

Dada yangu akafungua uzi polepole, akautia mfukoni. Akaing'ata pilipili mbele ya watu wote. Machozi yakamtoka. Akawaambia ndiyo yenyewe, ya Mama kabisa.

Jikoni nilitaka kuungama, akanikatiza. Akasema pale kaburini alitupa udongo mara mbili, mara ya pili kwa jina langu. Hakuwahi kuniambia kwa sababu aliogopa nitaumia. Halafu akaniomba, kwa upole, huu uliobaki niuache upumzike. Nilimkumbatia. Nikamwahidi.

Jumatatu, 23 Februari

Asubuhi nimevua mchicha. Chini kabisa ya kijiti, karibu na udongo, kuna chipukizi! La kijani, dogo kuliko punje ya mchele.

Nimemkimbilia Kibet akiwa bado na mswaki mdomoni. Kapanda, kainama. Akauliza mara ya mwisho kumwagilia ilikuwa lini. Nikakumbuka kwamba tangu Ijumaa nilizidiwa na wageni, nikasahau kabisa. Akasema basi huko kusahau ndiko kumeisaidia, na akanitaka niape sitaigusa wiki tatu. Nikaapa.

Alipoondoka nimempigia Lorraine, msimamizi wetu, kuomba likizo ya wiki nzima. Nikamwambia nina mgonjwa nyumbani. Akauliza ni nani.

Nikasema ni Mama.

Mwaka jana sikuwepo. Safari hii nimevuta kiti, nimekaa hapa hapa, nimewasha hita. Kikombe ninacho mkononi, na maji yana uvuguvugu mzuri.