Mtani Wangu Kanikalia Kiti cha Ubunge

Wana darasa wenzangu wa kundi hili, kabla hamjaletewa video na watu wengine, nisikieni mwenyewe. Leo nimeadhirika. Na si ugenini, ni kwa wajomba zangu kabisa, mchana kweupe, mbele ya watu walionipa kura.

Nilikuwa na mkutano wa hadhara kule juu milimani, kijijini kwa marehemu mama. Kwa sisi Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo kule ndiko kwetu hasa, na ndiko kura zangu zinakotoka kwa magunia. Ajenda ilikuwa moja tu: ushuru. Kinamama wa kule wanalima kabichi, karoti na njegere. Wanabeba tenga kichwani, wanateremka nalo mpaka barabarani kunakosimama magari ya mjini. Pale barabarani halmashauri imeweka kizuizi, na kila tenga linalipiwa. Sasa sheria, tena sheria niliyoipitisha mimi kwa kugonga meza bungeni mpaka kiganja kikawasha, inasema mzigo mdogo kama ule hautozwi kitu. Nimelisema hilo redioni. Nimelisema kwenye harusi. Nimelisema hata kwenye ubatizo wa mtoto wa watu. Kinamama wananijibu kwamba wao wananisikia vizuri sana, ila kizuizi hakina redio.

Jana mwenyekiti wa kijiji alinipigia kunionya. Watu wamechoka, akasema, wengine wameanza kuacha kabichi zioze shambani, na wakikosa jibu safari hii nisijisumbue kurudi kuomba kura. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi maswali ya wananchi nayajibu hata usingizini (wapo wanaosema ndiko ninakoyajibia).

Mkutano ulikuwa wa asubuhi. Asubuhi hiyo hiyo nikapita mjini kupata supu. Supu ikaleta chapati, chapati ikaleta bwana mmoja wa Dakawa mwenye malalamiko ya maji ya shamba la mpunga, na malalamiko yakaleta supu nyingine. Katibu wangu, Shabani, alikuwa anatazama saa kila akimeza tonge. Nikamwambia atulie. Mbunge akifika mapema watu wanadhani ni dereva.

Tulipofika kwenye kile kizuizi jua lilishapita utosini. Gari tukaliacha hapo hapo, maana njia ya kijijini ni ya miguu na ni ya kupanda tu. Karani wa kizuizi, baba wa makamo mwenye fulana ya kijani, akasimama akanipigia saluti. Nikampungia mkono kwa upole wa kiongozi. Mngeniona mngenipenda.

Tukapanda. Nilihema kama jenereta bovu, lakini katikati ya kuhema nikasikia vicheko kutoka juu, tena na vigelegele. Nikamwambia Shabani unaona sasa, wanatungoja kwa furaha. Shabani akatazama saa tena. Nadhani alishahisi jambo.

Tukatokea kwenye uwanja wa shule. Watu wamejaa, wamekaa kwenye majani. Mbele kuna meza yenye kitambaa cheupe, maua ya plastiki, chupa ya maji, na kiti kikubwa cha mgeni rasmi. Na kwenye kiti kuna mtu amekaa.

Kavaa koti la suti ambalo mikono yake inafika magotini. Kavaa miwani isiyo na kioo. Tumboni, chini ya koti, kafungia kabichi zima. Mama mmoja kasimama mbele yake kwa adabu, anamwita mheshimiwa.

Alikuwa Bi Skola.

Kwa wale wa mikoa mingine, niwaeleze. Ukoo wa Bi Skola na ukoo wa mama yangu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako ana ruhusa ya kukusema, kukuiga, kukunyang'anya kofia kichwani, hata siku ya msiba wako. Siku tunamzika mama, Bi Skola alishuka kaburini akajilaza, akasema hampishi mtu mpaka aletewe soda ya baridi. Tukaleta. Wewe unayetaniwa kazi yako ni kucheka. Ukikasirika umevunja utani, unatozwa faini, na faini anaipanga yeye. Basi mtani wa namna hiyo akikikuta kiti chako kiko wazi tangu asubuhi, na watu wamekaa juani bila kazi, unategemea atafanya nini?

Yule mama alikuwa anauliza kwa nini tenga moja la kichwani linatozwa ushuru. Mheshimiwa Bi Skola akajibu kwa kukoroma. Alikoroma vizuri, na mluzi kwa mbali. Jirani yake akamgusa begani. Akaruka juu, kabichi likahamia ubavuni, akapaza sauti: "Naunga mkono hoja!"

Uwanja wote ukalala chini kwa kucheka. (Ile siku niliyopigwa picha bungeni nilikuwa nimefumba macho natafakari. Nimeshaeleza mara nyingi.)

Mimi nikacheka pia, kile kicheko chetu cha jukwaani, meno yote nje na moyo ndani umejikunja. Nikataka kupita mbele nichukue kiti changu. Mwenyekiti akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba mtani hakatizwi, nimwache amalize. Ndipo Bi Skola aliponiona.

"Yule mwananchi aliyechelewa," akasema, "kule nyuma, mwenye viatu vinavyong'aa. Simama uulize swali. Taja jina na kitongoji chako."

Nilikuwa nimesimama tayari. Lakini vichwa vyote viligeuka, na mimi ni mwanasiasa, nikaona hapa dawa ni kucheza naye. Nikavua kofia. Nikataja jina langu na kitongoji cha mama. Nikasema, "Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba. Fupisha."

Nikauliza lile lile la ushuru, kwa sauti ya unyonge ya kuigiza, nikiwakonyeza watu wa pembeni. Bi Skola akanywa maji yangu. Akafuta midomo na kona ya kitambaa cha meza. Kisha akanyoosha kidole hewani na kukizungusha taratibu, na nikakitambua kile kidole. Ni changu. Mke wangu hukilalamikia kila siku.

"Ndugu mwananchi," akasema, "nakushukuru kwa swali zuri sana. Serikali yenu ni sikivu. Suala hili tumelipokea, liko kwenye mchakato, na wataalamu wetu wanalifanyia kazi usiku na mchana. Nawaomba muwe na subira."

Makofi. Nikauliza swali la nyongeza, kama kanuni zinavyotaka: mchakato unaisha lini? Akasema la nyongeza ni zuri hata kuliko la kwanza, na kwamba jambo hili limewekwa kwenye bajeti ijayo. Nikauliza bajeti ijayo ndiyo ipi. Akasema ni ile inayokuja baada ya hii. Nikasema lakini sheria ipo tayari, inasema mzigo mdogo hautozwi, kizuizi kinatoza kwa idhini ya nani? Akasema ananipongeza kwa uelewa mkubwa wa sheria, na jimbo linahitaji wananchi kama mimi.

Jamani, sijui nieleze vipi kilichotokea hapo. Nilianza kwa mchezo, naapa. Lakini pembeni yangu alikuwa amekaa mama mmoja na tenga lake, kabichi za juu zimeshaanza kugeuka njano, na yeye hakucheka hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi kuona kama nitapata jibu. Na yule mwenye kabichi tumboni anazungusha kidole. Damu ikanipanda. Nikasahau mimi ni nani.

"Mheshimiwa, hayo si majibu!" nikafoka. "Kila ukija unasema hivyo hivyo! Unatuona sisi watoto?"

  Uwanja ukalipuka. Watu walipiga magoti. Wazee walishikana mabega wasianguke. Shabani, ambaye mkate wake unatoka mkononi mwangu, alikuwa ameegemea nguzo ya goli analia machozi. Simu zote juu. Nimemfokea mbunge wa jimbo langu mbele ya wapiga kura wangu, na nilichosema kilikuwa kweli tupu.

Mwenyekiti akasimama, akajifuta uso, akatangaza kama mwamuzi: mtani kakasirika, faini.

Bi Skola hakufikiri hata kidogo. Alichomoa kabichi tumboni, akaliweka juu ya tenga la yule mama wa pembeni yangu, akalipigapiga likae vizuri. "Utambebea huyu mpaka barabarani, mtani," akasema. "Ukifika pale kwenye kizuizi umsomee karani ile sheria yako. Na sisi tunakuja nyuma tusikie."

Ningeweza kukataa? Kwa wajomba zangu? Wakanisokotea kitenge kuwa ngata, wakaniwekea kichwani, wakaninyanyulia tenga. Shingo ikaingia mabegani. Wana darasa, nyinyi mnaonunua kabichi sokoni mnabishana na muuzaji, nawaomba muache.

Njia ya kupanda ndiyo hiyo hiyo ya kuteremka, ila safari hii ilikuwa na utelezi na viatu vyangu vilikuwa vya bungeni. Nilianguka sehemu ambayo Shabani alikuwa ameshatangulia na simu. Kabichi zikateremka bila mimi. Kinamama wakaziokota, wakanipangia upya, wakaniambia pole baba, na mmoja akanifundisha nitembee kwa vidole vya miguu. Nyuma yangu ilikuja foleni nzima ya matenga, maana kila mwenye mzigo aliona leo ndiyo siku ya kuteremka nao. Wote walitaka kuiona sheria ikifanya kazi.

Tukafika. Karani akaniangalia kuanzia kwenye ngata mpaka kwenye matope. Hakupiga saluti. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba kwa mujibu wa sheria mzigo huu hautozwi. Nikamweleza imepitishwa lini, wapi, na nani alikuwepo. Akasikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu mstaarabu.

"Mheshimiwa, mimi nimekutambua," akasema, akaonyesha kile kimashine cha risiti. "Lakini hiki hakikutambui. Nimeambiwa kila tenga. Mimi jioni nahesabiwa kwa matenga, sihesabiwi kwa sheria."

Nikampigia mkurugenzi wa halmashauri. Akapokea kwa furaha, akaniuliza hali ya familia, nikamweleza. Akasema, "Mheshimiwa, tumelipokea, tunalifanyia kazi." Simu ikakatika. Nilibaki nimeishika sikioni kidogo, ili kinamama wadhani bado naongea. Hawakudhani.

Na hapo, wana darasa, ndipo palipouma kuliko pale uwanjani. Bi Skola alikuwa ameshavua suti, amebaki mwanamke mzee wa kawaida amechoka. Hakunitania. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa noti iliyokunjwa mara nne. "Lete nikulipie mtani," akasema taratibu, "jua linazama, magari yataondoka."

Hakuwa anacheza. Hivyo ndivyo wanavyofanya kila wiki: wanafungua fundo, wanalipa, wanaondoka. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Mkono wangu ulishaanza kwenda kwenye ile noti, nisiwafiche. Ningelipa, ningeingia kwenye gari langu, kesho ningekuwa redioni.

Nikashusha tenga. Nikaliweka katikati ya barabara, mbele ya ule mti uliolazwa wa kizuizi. Nikalikalia. Nikamwambia karani silipi na siondoki.

Yule mama mwenye tenga akanitazama. Akajifunga kanga yake vizuri, akakaa chini kando yangu. Wa pili akashusha tenga lake. Halafu wote.

Basi ndiyo nipo hapa, nawaandikia nikiwa nimekaa juu ya kabichi za watu. Magari ya mjini yamepanga mstari na madereva wanapiga honi. Mke wangu amepiga kutoka nyumbani Kilakala, alikuwa anacheka tu mpaka salio likaisha. Shabani nimemnyang'anya simu, lakini nimechelewa. Na sasa hivi karani amempigia bosi wake. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Njoo upesi mkuu, kuna mwananchi mmoja hapa kagoma."

Mwananchi mmoja. Bi Skola alivyosikia akapiga kigelegele.

Naomba asicheke mtu. Na kama kuna mwenye kufahamiana na yule mkurugenzi, amwambie aje mwenyewe na aje leo, maana mimi kupanda na tenga hili kurudi juu siwezi.