Dawa ya Kutafuna Iliyowatibua Wakwe Zangu

Maruku, Bukoba
Septemba 1991

Ndugu Daktari Buberwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Anatory Karugendo, yule mzee wa mapafu niliyekohoa chumbani mwako mpaka ukaweka kalamu chini. Naandika kwa adabu kulalamikia dawa uliyonipa ili niache kiko, ile inayofanana na bigijii, uliyosema ina kilevi cha tumbaku kidogo tu cha kuudanganya mwili. Tafadhali isome barua hii ukiwa umekaa.

1. Ulinikataza kahawa kabla ya kutafuna dawa, ati inaiharibia kazi. Daktari, wewe ni mtoto wa Kihaya! Ungenikataza maji ningekuelewa.

2. Uliniagiza nitafune taratibu, na ikianza kuwasha niifiche shavuni. Jumapili Padri aliliona shavu langu limetuna katikati ya mahubiri, akaniombea mbele ya waumini wote nipone jino. Tangu hapo akina mama wa jumuiya wananiletea majani ya kusukutua. Upande ule sina jino hata moja.

3. Hili ndilo zito. Walikuja wakwe kutoka Muleba, Mzee Privatus na ndugu zake, kumposa binti yetu Celina. Wajua kwamba kwetu mgeni hukaribishwa kwa akamwani, kahawa ya kutafuna, na mwenye nyumba hutangulia kutafuna ili mgeni aone haina sumu. Basi walinikuta natafuna tayari. Ningefanyaje? Mhaya gani hutafuna peke yake mbele ya wakwe? Niliweka vipande vipya vya dawa yako kikapuni, juu ya kahawa, nikavipitisha. Wakapokea kwa heshima zote. Watu hao, Daktari, hawajapata kuvuta chochote isipokuwa moshi wa jikoni. Mzee Privatus alishikwa na kwikwi katikati ya hotuba. Msemaji wao alitoka nje akaukumbatia mgomba, akisema dunia inazunguka. Posa imeahirishwa. Huko Muleba inasemwa kwamba Karugendo alitaka kuwaua wageni, na mimi nilikuwa nawaheshimu.

4. Mke wangu Ephrasia yuko upande wako. Amekificha kiko changu, kiko kilichonituliza wakati wa vita, mizinga iliposikika mpaka humu migombani. Anasema tumekwisha kuzika wana wawili kwa ugonjwa huu wa siku hizi, na mjukuu wetu Kokugonza hana mtu mwingine ila sisi wazee. Anauliza, nikikata pumzi mimi, na yeye akinifuata, mtoto atabaki na nani? Swali hilo naliona si la haki kuulizwa mtu aliyenyang'anywa kiko.

Kwa hiyo naomba haya. Uende Muleba na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, umevaa koti lako jeupe, ukawaombe radhi wakwe. Au uwagawie dawa hii Wahaya wote, wavutao na wasiovuta, ili anayetafuna asionekane mchoyo. Na kama yote mawili yanakushinda, basi uniandikie ruhusa ya kurudia kiko, nimwonyeshe Ephrasia. Iwe na muhuri, maana bila muhuri mama huyo hasadiki kitu.

Nisalimie mama watoto, wauguzi wote, na yule mlinzi wa lango anayependa kuniuliza kama bado nipo.

Ni mimi, niliyeonewa kwa nia njema,

Anatory Karugendo

N.B. Barua hii nimeileta mwenyewe, kwa kuwa nilitaka kukuona ukikasirika. Nimeambiwa uko wodini. Nimekuja na Kokugonza. Kwenye kilima cha hospitali alisimama kunisubiri nikae chini kuvuta pumzi, kama siku zote, lakini sikukaa. Akaniomba nimwimbie wimbo aliokuwa akiimbiwa na marehemu mama yake. Ni mrefu, na tangu msiba sijawahi kuufikisha nusu. Leo nimeuimba wote, bila kukohoa. Mtoto akacheka, mimi nikalia kidogo. Ile ruhusa usiiandike, Daktari. Tumekaa hapa nje kwenye benchi, tunasubiri dawa nyingine.