Pua ya Difu na Goti la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Shajara yangu mpenzi, hujambo? Za tangu juzi? Natumai u mzima wa afya huko chini ya godoro. Mimi si mzima, ila nina mpango!

Mama mkwe anatoka hospitali Jumamosi. Amepasuliwa goti. Daktari kasema asitikiswe hata kidogo. Na njia ya kwetu unaijua: mawe yamechongoka kama meno ya mamba. Mwanyumba wangu, yule aliyemuoa dada wa mke wangu, kajitolea kumleta kwa kile kigari chake kinachoburuta tumbo kama mjusi aliyeshiba. Nikasema hapana, nitamleta mimi.

Sababu nakwambia wewe tu. Mwanyumba anaitwa “mwanangu”. Mimi, miaka yote hii ya ndoa, naitwa “huyo bwana”. Goti likifika nyumbani salama ndani ya gari langu, jina litabadilika. Nimeliombea.

Basi leo nimelifunga gari langu la porini springi ndefu. Limeinuka inchi nne! Mke wangu akauliza fundi kasemaje. Nikamjibu kwamba fundi wangu ni Mungu. Akasema Mungu kaumba na mafundi pia, tena wengine wanakaa karibu.

Jumanne, 4 Juni

Balaa! Likienda polepole, malaika. Likifika mwendo wa hamsini, pepo. Linatetemeka kuanzia sakafuni hadi kwenye fizi zangu. Kioo cha kutazamia nyuma kimeniangukia mapajani. Nikalikemea kwa sala. Likazidi.

Nikaenda kwa Fundi Baadaye (jina kapewa na wateja, si wazazi). Akachungulia uvunguni, akacheka mpaka akapaliwa. Akanieleza habari ya propela, kile chuma kirefu kinachozunguka kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, lile bonge la gia kati ya magurudumu ya nyuma. Kila mwisho una krosi, kiungo cha kujikunja kama goti. Nimeinua gari, giaboksi imepanda nalo, difu imebaki chini, pua yake inayopokea propela imeinama kama muumini anayesinzia ibadani. Magoti mawili hayajikunji sawa: moja linavuta, jingine linagoma. Dawa yake ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli, pua iinuke mpaka mwinamo wake ulingane na wa giaboksi.

Nikamwomba anifanyie. Akasema baadaye.

Mama mkwe goti, gari nalo goti! Hii ni ishara kutoka juu. Nitafanya mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Nimeazima pimamaji ya jirani yangu mwashi. Nikalipiga gari jeki, magurudumu yakaning'inia, nikalala chini, nikapima. Mwinamo wa kutisha! Nikachomeka kabari nene kuliko zote. Nikashusha jeki.

Ole wangu. Pua ya difu sasa inatazama mbinguni kama kuku anayekunywa maji. Tetemeko limekuwa maradufu. Mwanyumba akapita, akapunguza mwendo, akaniuliza, eti shemeji, gari lina homa? Akashauri nilifunike blanketi. Shetani ana kigari cha chini, nakwambia.

Fundi Baadaye nilipompigia simu alifoka. Nani humpima mtu urefu akiwa ananing'inia mtini? Gari hupimwa likiwa limesimama kwa miguu yake, na mzigo wake mgongoni.

Alhamisi, 6 Juni

Mzigo wake ni mama mkwe. Nikamuuliza mke wangu, kwa heshima zote, mama ana kilo ngapi.

Chakula cha mchana ndicho kilichojibu: hakikuwapo.

Nikaazima saruji kwa mwashi, mifuko miwili. Nikaiketisha kiti cha nyuma, nikaifunga mkanda, nikaifunika shuka isitimue vumbi. Mke wangu akaja, akafunua, akaniuliza huyu ni nani. Nikakohoa. Akatazama tena. Akauliza: mifuko miwili? Mama yangu mimi?

Leo nafunga bila kunuia.

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi! Kabari nyembamba. Giaboksi na difu zimelingana kama maharusi. Nimekwenda mwendo wa themanini na glasi ya maji mbele yangu. Halikumwagika hata tone. Nililia. Nikampa mwashi lifti, naye akalia, lakini yeye ni kwa ajili ya saruji yake, mfuko mmoja umepasuka.

Jumamosi, 8 Juni

Siwezi kuandika. Naandika.

Hospitali. Nikafungua mlango wa gari. Sakafu ya gari ikamfikia mama mkwe kifuani. Muuguzi akasema goti hilo halipandi hata kizingiti. Mama akauliza hili ni gari au tangi la maji. Tukaleta kiti, kikayumba. Nikapiga magoti, nikamwomba apande mgongoni mwangu. Akashika mdomo. Amkanyage mkwe mbele za watu? Laana hiyo aiweke wapi?

Kile kigari kikaja. Mwanyumba akafungua mlango. Mama akajishusha kitini taratibu kama anaketi sebuleni kwake. Kisha nikamsikia: “Mwanangu, nishikie fimbo.”

Nikaruka! Nikaidaka! Hakuwa akiniita mimi.

Wamekwenda mwendo wa kinyonga, tumbo likikwaruza kila jiwe, na goti limefika salama. Mimi nyuma yao. Propela kimya. Haikutetemeka hata kidogo, na kiti kitupu.

Jumanne, 11 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Goti la pili litapasuliwa mwezi wa nane.

Nimechomelea ngazi ya vidato vitatu chini ya mlango. Jana imenasa kwenye jiwe, ikapinda. Jambo dogo: gari linahitaji inchi mbili zaidi. Springi nyingine nimeshafunga. Fundi Baadaye kapita, kaona, akasema tu kwamba mpanda ngazi hushuka. Wivu.

Tena mke wangu kaniambia, bila kucheka sana, kwamba mama ameniulizia. Haniiti “huyo bwana” siku hizi. Ananiita “bwana tangi”. Umeona? Jina limeanza kubadilika!

Sasa hivi gari liko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, pimamaji ninayo mkononi, na mwinamo ni wa kutisha. Nachukua kabari nene. Kama una neno, shajara yangu, wewe ambaye hujawahi kunijibu hata mara moja, tafadhali nijibu upesi.