Maili Ishirini za Delmar Kovanda

Tegeni masikio, enyi mlio na wakati wa kupoteza, na wasio nao waende zao wakafanye kazi! Kusanyikeni, enyi wapishi na waosha vyombo, mimi mwenzenu wa sufuria niwasimulie vita kuu iliyopiganwa Jumamosi moja ya Oktoba katika anga ya Nebraska, vita isiyomwaga damu wala jasho, bali petroli nyingi, na maneno kuishinda petroli. Nawaletea habari za Delmar Kovanda, simba wa turubai, mpasua mawingu, mstaafu wa kiwanda cha mabati, na za redio yake ya mkononi isiyozidi kipande cha sabuni. Miaka kumi na tisa nimewakaangia mayai marubani wa kiwanja chetu kila Jumamosi, na katika muda huo wote sijapata kumsikia hata mmoja akimaliza hadithi yake kabla yai halijapoa.

Shujaa huyo alimiliki ndege ya njano ya viti viwili, iliyoundwa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Mwili wake turubai, tumboni hamna betri wala waya wa umeme, na kuiamsha sharti mtu asimame mbele yake alizungushe pangaboi kwa mikono huku akimtaja Mungu. Ndege isiyo na umeme haina redio, kwa hiyo Delmar aliruka miaka mingi bila kusikika na mtu, adhabu ambayo kwa rubani ni nzito kuliko kifo. Ndipo akanunua redio mbili za mkononi, moja yake na moja ya mkewe.

Hapo akainuka adui. Naye ni Wendell Stroh, mwenyekiti wa chama cha marubani, bwana wa ndege nyeupe yenye viti vya ngozi, aliyeichukia ile turubai kwa kuwa iliegeshwa kando ya yake. Akabandika amri ukutani, juu ya birika langu la kahawa: "Ndege isiyo na redio ya kudumu haitaruka tena hapa, ila redio ya mkononi ya rubani wake ithibitike leo kusikika maili ishirini. Ndege ielekee magharibi, futi elfu tatu juu. Redio mbili zitengane maili ishirini zikisikilizana, kabla ya saa sita mchana."

Magharibi! Nami nilimwona kwa macho yangu, kabla hajaishika kalamu, akitoka mlangoni, akilamba kidole na kukiinua juu. Upepo ulitoka magharibi, na asubuhi ile ulikuwa umeshalivingirisha pipa langu la takataka hadi barabarani. Hiyo ndiyo hekima ya wakuu wetu, na bado huchaguliwa kila mwaka.

Lakini msidhani vita hii ilikuwa ya angani. Majira ya baridi yaliyopita theluji ilikifunga kiwanja wiki sita, shujaa akashinda nyumbani, na kwa kukosa la kufanya akaifungua mashine ya kufulia ya mkewe ili aiboreshe. Tangu hapo mashine hiyo hufua ikirukaruka mpaka mlangoni. Arlene, mke wake wa miaka arobaini na mmoja, aliegemea kaunta yangu, redio mkononi, macho yamemwiva.

"Dada," akaninong'oneza, "ndege ikipigwa marufuku leo, huyu mzee nitakuwa naye ndani siku saba kwa wiki. Siku saba! Na friji bado hajaigusa."

Nilimwonea huruma kweli. Nikamwongezea kahawa.

Saa tano kasoro dakika kumi shujaa akasimama kando ya ndege yake, kofia ya ngozi kichwani, akatuhutubia sisi watu tisa na mbwa mmoja.

"Ndugu zangu! Leo sauti yangu itavuka mashamba na mito! Wendell, kalamu yako iwe tayari. Na wewe Arlene, ukiona nimenyamaza, ujue nimeuvuka upeo wa macho."

"Ukinyamaza nitajua umekufa," Arlene akamjibu. "Panda bwana, saa zinakwenda."

Akapanda. Pangaboi likazungushwa, likakohoa, likanguruma, na ndege ya njano ikanyanyuka juu ya mabua ya mahindi mpaka ikawa kitone. Futi elfu tatu juu, upepo ulikuwa ukimngoja kwa jeshi lake lote. Akaushika usukani kwa magoti, redio akaibana dirishani, akasonga mbele kifua wazi, wala hakutazama chini hata mara moja, maana macho yote yalikuwa kwenye saa yake.

Saa tano na dakika kumi, sote tukiwa tumerudi ndani kwenye kaunta yangu, redio ya Arlene ikalia.

"Arlene, Arlene, hapa Delmar! Nimeruka dakika kumi na nane, mwendo maili sabini kwa saa. Piga hesabu, mama! Hizo ni maili ishirini na moja! Unanipata?"

"Nakupata vizuri sana," akasema Arlene, na marubani wakapiga makofi, na mmoja akalia machozi, ingawa huyo hulia pia ndege za wengine zinapouzwa.

Wendell hakupiga makofi. Akalivuta pazia la dirisha langu taratibu. "Na yule pale ni nani?"

Tukatazama. Juu ya maghala ya mahindi, maili tatu tu kutoka kwenye sinki langu, kitone cha njano kilikuwa kimening'inia, kinatikisika, hakiendi popote.

"Mwambie mumeo aangalie chini," akasema Wendell.

Arlene akamwambia. Sauti ikatoka redioni, ndogo, imenywea.

"Arlene... kuna ng'ombe hapa chini, ana baka jeupe usoni. Nilidhani ni mwingine. Ni yuleyule. Na lori la nguruwe limenipita sasa hivi."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nami nilicheka, sikatai, lakini Arlene hakucheka, na nilipouona uso wake kicheko kikanikatika.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, mama," akasema Wendell, akinyoosha mkono apewe redio.

Arlene hakumpa. Alivaa miwani, akaibandua ile karatasi ukutani, akaisoma mpaka nukta ya mwisho.

"'Ndege ielekee magharibi.' Pua ya ile ndege imeelekea wapi, Wendell?"

"Magharibi, lakini haifiki..."

"Nimekuuliza pua."

"Magharibi."

"'Redio mbili zitengane maili ishirini.' Umeandika nani amkimbie mwenzake?"

Wendell akainama kuisoma upya amri yake mwenyewe.

"Basi chukua kofia yako. Twende ukashuhudie." Kisha akaibonyeza redio. "Delmar! Baki hapohapo. Usisogee."

"Hilo," ikajibu sauti kutoka mbinguni, "nitaliweza."

Yaliyotokea ndani ya pikapu ya Arlene nimeyapata kwa Wendell mwenyewe, baada ya kumnyima asali ya pankeki mpaka akasema. Arlene alikanyaga mafuta kuelekea mashariki, upepo ukimsukuma mgongoni, na kila maili aliita akaitikiwa. Huku nyuma shujaa wetu alipigana vita yake kuu ya kutokwenda popote: akayumba, akatupwa, akashuka, akapanda, na mara mbili, naapa, akarudi kinyumenyume. Ng'ombe hakumwacha.

Saa sita kasoro dakika kumi pikapu ilitimiza maili kumi na saba, na maili tatu zake zikafanya ishirini.

"Delmar, unanisikia?"

"Nakusikia kama uko jikoni nami!"

Wendell akatia sahihi kwenye ile karatasi. Vita ilikwisha. Lakini ushindi haujui kunyamaza, na shujaa akavuta pumzi. "Enyi watu wa Nebraska! Historia ya urubani, tangu mwanzo wake hata leo..."

Arlene alitazama mashamba yaliyovunwa, yametulia pande zote mbili za barabara. Akashika kifundo cha redio, akaizima. Tak. Kimya kikajaa pikapu nzima.

"Mawimbi yamekatika," akasema.

Wendell alimtazama. Mtu huyu alikuwa amemsikiliza Delmar kwenye mikutano ya chama miaka kumi na moja. Akaichukua tena kalamu, akaongeza mstari kwa mwandiko mzuri: "Zaidi ya maili ishirini haisikiki kabisa."

Andikeni basi, enyi waandishi wa historia! Delmar Kovanda aligeuza ndege, na njia iliyomgharimu saa nzima akaimaliza kwa dakika mbili akirudi. Tukatoka nje tukamshangilia, maana pankeki zilikuwa zimekwisha na hatukuwa na lingine la kufanya. Hati ile imewekwa kwenye fremu, na kila mgeni akija, shujaa humsimamisha chini yake na kumfafanulia kitaalamu kwa nini mawimbi ya redio ile hufa ghafla yakifika maili ishirini kamili. Arlene humsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kukubali, kisha humwuliza kama kesho hangependa kuruka tena akahakikishe.