Hakika Atabiri Pambano la Ubingwa

Hakika alikuwa ameweka rehani cherehani ya mke wake bila kumwambia, na Jumamosi saa kumi na mbili jioni ingeuzwa. Kuikomboa kulihitaji elfu themanini. Mke alishahamia kwa mama yake na kuacha ujumbe mmoja: cherehani ikirudi, naye atarudi; ikiuzwa, asitafutwe.

Mtu mwingine angetafuta kazi. Hakika alitafuta watu wanaopenda ndondi.

Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu kila uongo wake ulianza na neno "hakika". Alikuwa mtanashati: shati limenyooka, maneno laini, mfuko mtupu. Mwezi huo kulikuwa na mapambano matatu madogo kabla ya lile kubwa la ubingwa. Alinunua daftari, akachana karatasi, akawaandikia watu thelathini na wawili, bure kabisa, nani angeshinda pambano la kwanza. Kumi na sita aliwaandikia bondia huyu, kumi na sita yule. Pambano lilipoisha, aliwaacha waliopotezwa, akawaandikia waliobaki, nusu hivi, nusu vile. La tatu hivyohivyo. Mwisho wakabaki wanne ambao hawakuwahi kupewa jibu la uongo. Kwa hao, Hakika hakuwa tena yule jamaa wa kukopa sigara. Alikuwa ameoneshwa mambo.

Sharti lake lilikuwa moja: usimwoneshe mtu, bahati inakimbia. Bei ya utabiri wa ubingwa, elfu ishirini.

"Elfu ishirini kwa kikaratasi?" muuza nyama aliuliza, kisu kikiwa bado ndani ya paja la ng'ombe.

"Kaka, wewe unauza na mifupa na watu wanalipa. Mimi nakuuzia nyama tupu."

"Na ukikosea?"

"Nimeshakosea lini?"

Muuza nyama alifikiri, akakosa tarehe. Akalipa.

Mwalimu mstaafu alitaka kujua kanuni inayotumika.

"Mwalimu, kanuni ni yangu. Jibu ni lako."

Mwalimu akacheka kidogo, akafungua pochi. Hao wawili waliandikiwa Bingwa. Fundi bomba na mwenye duka la dawa wakaandikiwa Mpinzani. Ijumaa mchana Hakika alikuwa na elfu themanini kamili, na zilibaki hatua arobaini kufika duka la rehani, mama mkwe wake alipomwita kutoka kwa kinyozi.

Mama huyo alikuwa dobi. Nusu ya mtaa ilivaa alichofua yeye. Alikuwa ameleta taulo za kinyozi, akakaa kwenye benchi kama mtu asiye na haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Nasikia siku hizi wewe ni nabii."

"Watu wanasema, mama. Hakika mimi nanyamaza tu."

"Mimi nasema ni muongo. Hao wateja wako, wangapi?"

"Wanne."

"Kesho baada ya pambano, hata mmoja wao hatasema ulimtabiria sawa. Nina elfu arobaini hapa."

Hakika alimtazama kwa huruma ya kweli. Ashinde Bingwa au ashinde Mpinzani, wawili lazima wapate. Hii haikuwa kamari. Hii ilikuwa kuokota.

"Mama, sitaki kula pesa yako. Watu watanisema."

"Basi unaogopa."

"Nani aogope?"

"Weka zote ulizonazo. Mimi nina arobaini tu, lakini mimi ni dobi. Nabii anashindana sawa kwa sawa na dobi?"

Kinyozi alizima mashine, mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Hakika akaweka themanini kwenye droo ya kinyozi. Aliona cherehani imerudi na arobaini za kumlainisha mke juu yake.

"Na ukiniletea wengine?" mama mkwe aliuliza. "Wataje hao wanne, kinyozi aandike."

Hakika aliwataja mmoja mmoja, kwa majivuno, pamoja na mahali wanapopatikana.

Jumamosi saa kumi jioni ukumbi ulijaa mbele ya televisheni. Raundi kumi na mbili. Bingwa alishinda kwa pointi, na Hakika akashangilia kuliko ndugu zake Bingwa. Kisha akaenda moja kwa moja kwa muuza nyama, kinyozi na mama mkwe wakimfuata.

Wateja wote wanne walikuwa wamesimama pamoja nyuma ya ukumbi.

"Kaka," Hakika alisema, "waambie hawa nilikutabiria nani."

"Uliniandikia Bingwa," alisema muuza nyama. "Fundi bomba ukamwandikia Mpinzani. Hapo umetabiri nini?"

"Mwalimu, wewe je?"

"Mimi nilipata jibu," mwalimu alisema. "Utabiri sikupata."

Fundi bomba alikuwa amekuja na spana.

Mama mkwe akafungua mkoba. Dobi hatupi kitu alichokikuta mfukoni mwa mtu. Akikuta karatasi imelowa, anaianika kwenye kamba kwa kibanio, kando ya shati la mwenyewe, isipotee. Wiki tatu kamba yake ilikuwa na vikaratasi kumi na moja vya mwandiko mmoja: pambano lilelile, washindi wawili. Asubuhi hiyo alivipeleka kwa watu wanne ambao mkwe wake alimtajia mwenyewe.

"Mama, umenimaliza."

"Mwanangu anashona kwa mkono wiki ya tatu," alisema. "Kinyozi, nipe hizo pesa. Rehani wanafunga saa kumi na mbili."

Cherehani ilikombolewa saa kumi na moja na nusu, ikaenda kwa mama, mke alipo. Ujumbe wa pili haukuletwa.

Hakika alipoteza elfu themanini kwa mama mkwe. Alidaiwa elfu themanini nyingine na wale wanne, ishirini kila mmoja. Anazilipa kwa kukamua mashuka uani kwa mama mkwe, elfu nane kwa wiki, na haziguswi na mkono wake: kila Jumamosi kila mmoja anakuja kuchukua elfu mbili yake. Wiki kumi. Amemaliza tatu.